Uzoefu wangu na kipimo cha Doppler, mtoto alipogoma kuongezeka tumboni

Nianze na jambo lililonipotezea wiki mbili. Kile kikasha kidogo ambacho nesi anakigusisha tumboni ili msikie moyo wa mtoto ukidunda, nacho huitwa Doppler. Nilikuwa napimwa nacho kila kliniki. Doppler inayoangalia jinsi damu inavyopita kwenye mshipa wa kitovu ni nyingine kabisa, hufanywa kwa mashine ya altrasaundi. Nilipoulizia, kituo nilichokuwa nahudhuria kilinijibu, "Umeshapimwa, moyo uko vizuri." Nikarudi nyumbani nimeridhika.

Ilikuwa wiki ya 29. Tepu ya kupimia urefu wa tumbo ilisoma sentimita 25 tu na presha ilianza kupanda. Altrasaundi ya kawaida ilikadiria uzito wa mtoto gramu 860, wakati watoto wa umri huo hukaribia 1,300. Nyumbani kila mtu alinihimiza nile, na wapo walionong'ona kwamba najinyima chakula nisinenepe. Maneno hayo yaliniuma kuliko sindano zote zilizofuata, kwa sababu nilikuwa nakula. Kondo la nyuma ndilo lililokuwa halipitishi damu ya kutosha, na hilo halitibiwi kwa uji.

Wiki ya 31 nilikwenda hospitali ya rufaa. Daktari alinieleza vizuri: "Mama, umewahi kusikia honi ya basi la mkoani? Likija mlio unakuwa mwembamba, likishakupita unakuwa mzito. Mashine inaisikiliza damu hivyohivyo." Kwenye skrini nikaona vilima vimepangana. Kilele ni pale moyo wa mtoto unaposukuma. Bonde katikati ni pale unapopumzika, na hata hapo damu inatakiwa iendelee kwenda kwenye kondo. Bonde langu lilikuwa karibu kugusa mstari wa chini. Mpimaji hakuharakisha. Alisubiri mtoto atulie, maana akicheza au akifanya mazoezi ya kupumua kipimo kinapotoka.

Kisha akapima mshipa wa ubongo. Huko damu ilikuwa inapita kwa wingi kuliko kawaida. Mtoto alikuwa anajigawia kile kidogo anachopata, ubongo kwanza. Nililia palepale kitandani.

Nililazwa. Siku ya tatu bonde liligusa mstari, yaani damu ilikatika kila moyo ulipopumzika. Nikachomwa deksamethazoni ya kukomaza mapafu ya mtoto, sindano 4, moja kila baada ya saa 12. Mapigo ya moyo yalipimwa kila siku, na Doppler ikarudiwa kila baada ya siku mbili au tatu, pamoja na mshipa mdogo unaopeleka damu ya kitovu kwenye moyo wa mtoto. Niliambiwa kwamba damu ikikatika hivyo kwa kawaida hawaiachi mimba ivuke wiki ya 34, na damu ikianza kurudi nyuma haivuki ya 32. Hapo ndipo nilipoelewa kazi ya kipimo hiki. Hakikuniahidi kwamba mwanangu ataishi. Kilituonyesha bado tuna siku ngapi za kumwacha akomae, na kikatupa nafasi ya kujiandaa.

Wiki 32 na siku 4, mapigo yalianza kushuka. Nikawekewa dripu ya magnesiamu kulinda ubongo wa mtoto, kisha upasuaji. Gramu 1,190, na alilia! Tulikaa wodi ya watoto njiti wiki tano, nimembeba kangaruu kifuani mchana na usiku.

Kasoro ipo. Majibu yalijaa vifupisho vya Kiingereza, na kama daktari huyo asingekuwa zamu ningeondoka na karatasi nisiyoielewa. Gharama ilikuwa karibu mara mbili ya altrasaundi ya kawaida. Pia mjue, mimba ikishakuwa kubwa mshipa wa kitovu unaweza kuonekana mzuri huku mtoto anateseka, kwa hiyo ulizia na mshipa wa ubongo. Kama mtoto anakua vizuri na presha yako iko sawa, sioni sababu ya kulipia. Lakini kadi ikiandikwa "mtoto mdogo", omba kwa maneno haya: Doppler ya mshipa wa kitovu. Wasipokuwa nayo, omba rufaa siku hiyohiyo.

Mwanangu sasa anatambaa. Nimeambiwa mimba ijayo nifike kliniki kabla ya wiki ya 16, nianzishiwe aspirini ya dozi ndogo, na nije na zile picha za vilima. Nimezihifadhi kwenye bahasha pamoja na kadi yake.