Uzoefu wangu na kampuni ya mawakili wa biashara: wana nguvu wapi, na wapi wamepungukiwa

Mimi ni mkurugenzi wa fedha. Mwaka jana kampuni yetu ilinunua hisa zote za kampuni ndogo ya programu za kompyuta iliyosajiliwa nchi nyingine, na kazi ya sheria tuliikabidhi kampuni moja ya mawakili yenye ofisi katika nchi kadhaa. Sitaitaja jina. Ninayoandika hapa ni kwa ajili ya yeyote anayetafuta mawakili wa kazi ya aina hii na hajui awapime kwa lipi.

Kwenye tovuti yao wameorodhesha karibu kila kitu: ununuzi na uunganishaji wa kampuni, mikopo na dhamana, kodi, ushindani, ajira, miliki bunifu, usuluhishi. Orodha hiyo utaikuta kwa kila kampuni kubwa, maana kila mwamba ngoma huvutia kwake. Kilichotusaidia kuchagua ni kuwasoma Chambers and Partners na Legal 500, miongozo inayopima kampuni za mawakili, idara kwa idara. Chambers huwapanga kwa madaraja, idara na wakili mmoja mmoja, baada ya kuzungumza na wateja na mawakili wengine. Kampuni inaweza kuwa daraja la 1 kwenye mikopo ya benki na isionekane kabisa kwenye ajira. Hii yetu ilikuwa juu kwenye ununuzi na kodi, chini kwenye ajira, na hivyo hivyo ndivyo tulivyowakuta kazini.

Nguvu yao kubwa niliiona kwenye uchunguzi wa kina wa nyaraka. Nimeshapokea ripoti za mawakili wengine ambazo ni mamia ya kurasa za kunakili mikataba, na mwisho wake hujui ununue au uache. Hawa walianza na ukurasa mmoja: mambo yanayoweza kuzuia ununuzi, na mambo yanayopaswa kushusha bei. Jambo la kwanza kwenye ukurasa huo lilinikosesha usingizi.

Sehemu kubwa ya programu tuliyokuwa tunailipia ilikuwa imeandikwa na watu wa mkataba, si waajiriwa. Mikataba yao ilieleza watalipwa kiasi gani na lini. Haikusema popote kwamba haki za kazi yao zinahamia kwa kampuni. Katika nchi nyingi, alichoandika mwajiriwa akiwa kazini ni mali ya mwajiri, lakini alichoandika mtu wa mkataba hubaki chake mpaka ahamishe haki hizo kwa maandishi. Yaani tungenunua kampuni ambayo bidhaa yake inamilikiwa na watu wasiohusika na mauzo.

Wakili wa miliki bunifu hakutuandikia tu onyo akaishia hapo. Alimwita wakili wa mkataba wa mauziano na wakili wa kodi kwenye simu moja, nasi tukiwemo. Wa miliki bunifu akasema kila mwandishi wa programu asaini hati ya kuhamisha haki. Wa mauziano akalifanya hilo sharti la awali: hati zisipokamilika, hatulipi, na kwa yule ambaye huenda asipatikane, sehemu ya bei iwekwe kwenye akaunti ya amana, inayoshikiliwa na mtu wa tatu. Wa kodi akauliza swali ambalo hakuna kati yetu aliyelifikiria: hawa watu wakilipwa chochote kwa kusaini, kodi ya zuio, ile inayokatwa kwenye malipo kabla hayajamfikia mlipwaji, anaibeba nani, muuzaji au sisi? Jibu likaingia kwenye rasimu siku hiyo hiyo. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini bodi yetu ililipa zaidi kupata idara zote chini ya paa moja. Wakili hodari wa kodi unaweza kumpata popote, lakini ni kazi kumpata anayesoma kifungu kile kile, saa ile ile, pamoja na mwenzake anayekiandika.

Walikuwa makini pia kwenye mikopo. Wakili kijana wa idara hiyo aligundua kwamba umiliki wa kampuni ukibadilika bila idhini ya benki, mkopo wake wote unadaiwa papo hapo. Sharti hilo halikuwemo kwenye mkataba wenyewe wa mkopo. Lilikuwa kwenye barua ya marekebisho ya kurasa mbili, iliyoskaniwa kichwa chini na kutupwa kwenye folda ya barua za kawaida. Ukinunua hisa, unaichukua kampuni pamoja na madeni na ahadi zake zote. Barua ile ingetukuta tumeshalipa. Tuliomba idhini ya benki mapema, ikatolewa.

Mjumbe mmoja wa bodi yetu aliuliza: biashara ya muuzaji ikidorora kati ya kusaini na kukamilisha, si tutajitoa tu kwa kifungu cha mabadiliko makubwa yenye madhara? Wakili mbia aliyesimamia kazi akatueleza kesi ya kampuni ya dawa Akorn na mnunuzi wake, Fresenius, huko Delaware, Marekani. Mwaka 2018 mahakama ilimruhusu Fresenius kujitoa kwenye ununuzi wa dola bilioni 4.3, baada ya biashara ya Akorn kuporomoka robo baada ya robo na kugundulika matatizo mazito ya takwimu zake za ubora. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama za Delaware kumkubalia mnunuzi kwa kifungu cha aina hiyo, ingawa wanunuzi wengi walikuwa wamejaribu kabla yake. "Msikitegemee," alituambia. Badala yake akaandika masharti mahususi: wateja wakubwa waliotajwa kwa majina wakivunja mikataba kabla ya kukamilisha, tuna haki ya kujitoa. Ushauri wa namna hii ndio ninaoulipia kwa moyo mweupe.

Kwenye usuluhishi sina mengi. Mkataba wetu mmoja wa zamani, uliotungwa na mawakili wengine, unasema migogoro iende kwa wasuluhishi na hapo hapo unazipa mahakama mamlaka ya pekee. Hawa waliandika kifungu kifupi kisicho na utata: kanuni za ICC (Chama cha Kimataifa cha Biashara), mahali pa usuluhishi, idadi ya wasuluhishi, lugha. Waliuchagua usuluhishi kwa sababu, chini ya Mkataba wa New York wa 1958 wenye nchi wanachama zaidi ya 170, tuzo ya wasuluhishi kwa kawaida hutekelezeka nje ya nchi kwa urahisi kuliko hukumu ya mahakama.

Sasa upungufu. Idara ya ajira ilitusumbua. Tuliuliza wafanyakazi wa kampuni tunayoinunua wana haki gani za likizo na mafao yaliyolimbikizwa, tukajibiwa kwa kuchelewa, tena kwa maelezo ya jumla yanayoweza kumfaa mteja yeyote. Mwishowe tulitafuta wakili mwingine kwa hilo, na kwa kazi ya ajira sitarudi kwao. Jambo la pili ni ankara. Walipanga malipo kwa saa, na mwezi wa kwanza ukaguzi wa nyaraka ulikula pesa nyingi kuliko makadirio. Tulipodai ukomo wa gharama kwa awamu hiyo walikubali bila ugomvi, lakini wao ndio waliopaswa kuupendekeza. Udai kabla hujasaini barua ya kuwapa kazi.

Baada ya kukamilisha, mawakili wengi hutuma jalada na ankara ya mwisho, wakapotea. Hawa walitutumia karatasi moja ya tarehe: madai ya kawaida chini ya dhamana za muuzaji, yaani ahadi zake kuhusu hali ya kampuni, yafikishwe kwake kwa maandishi ndani ya miezi 18, ya kodi ndani ya miaka 7, pesa za amana zinaachiliwa lini na kwa idhini ya nani. Hadi leo, tarehe mojawapo ikikaribia, wakili yule kijana hunipigia simu kuuliza kama kuna jambo tunataka kulidai.