Mayai ya Artemia ya Kopo: Chakula cha Kwanza cha Vifaranga wa Samaki Malaika

Bidhaa ninayoitathmini hapa ni kopo la bati la gramu 425, lililofungwa bila hewa ndani, lenye mayai makavu ya artemia yaliyovunwa katika ziwa la Great Salt Lake, jimbo la Utah nchini Marekani. Ninaitazama kwa jicho la mtu anayezalisha samaki malaika nyumbani Dar es Salaam, kwenye matangi ya kioo yaliyopangwa ukutani, na si kwa jicho la mwenye shamba kubwa la kamba au la vifaranga wa samaki wa kuliwa, ambaye huyanunua mayai hayohayo kwa makatoni. Artemia ni kijidudu cha jamii ya kamba kinachoishi katika maji yenye chumvi nyingi, na mayai yake yakikaushwa hulala kwa miaka bila kufa. Yakirudishwa kwenye maji ya chumvi yenye joto na hewa ya kutosha huamka, na kesho yake huwa yameanguliwa. Ukifungua kopo, unachokiona ni kama kahawa iliyosagwa laini, na katika kila gramu moja ya vumbi hilo mna mayai zaidi ya 200,000.

Ili thamani ya kopo hili ieleweke, ni lazima kwanza ieleweke shida inayolifanya litafutwe. Samaki malaika, yaani Pterophyllum scalare, asili yake ni bonde la mto Amazon, lakini kiukoo ni ndugu wa sato na perege wetu. Sato jike huyaatamia mayai yake mdomoni. Malaika, kwa upande wao, hulisafisha kwa midomo jani pana, kipande cha bomba la plastiki lililosimamishwa au hata ukuta wa kioo, kisha jike hupita akipandisha mstari mmoja wa mayai baada ya mwingine huku dume akimfuata nyuma kuyarutubisha. Mtago mmoja wa jozi iliyokomaa huwa na mayai mia kadhaa. Maji yakiwa na nyuzi 28 za Selsiasi, mayai huanguliwa baada ya siku mbili au mbili na nusu, lakini vijana wanaotoka humo bado hawajui kuogelea: hunata pale pale kwa vichwa vyao, mikia ikitikisika bila kukoma, wakiishi kwa kiini cha yai kilichobaki tumboni. Kati ya siku ya tano na ya saba tangu kutagwa, hujiachia na kuogelea kwa pamoja, na kuanzia hapo hawana tena akiba yoyote. Wanahitaji chakula kinachoenea mdomoni mwao, kilicho hai, na kinachotikisika mbele ya macho yao, kwa sababu kitu kisichotikisika wengi wao hawakitambui kuwa ni chakula. Hapa ndipo mitago mingi ya nyumbani inapoishia, na mwenye tangi hulaumu maji au maradhi ilhali vifaranga wamekufa njaa.

Vyakula mbadala vipo, nami sivikatai moja kwa moja. Kiini cha yai la kuku lililochemshwa na kukamuliwa kwenye kitambaa kimependekezwa na wafugaji tangu zamani, na kweli vifaranga wachache hukila. Lakini chembe zisizoliwa huoza upesi mno katika joto letu, na tangi dogo la vifaranga halina nafasi ya kuvumilia uozo huo. Unga wa viwandani uliotengenezwa kwa ajili ya vifaranga una kasoro hiyohiyo, ila kwa kiasi kidogo zaidi. Viumbe vidogo vya majini vinavyooteshwa kwa majani makavu ya mgomba ni vyema kwa samaki wenye vifaranga wadogo sana, lakini vifaranga wa malaika huzaliwa na vinywa vikubwa kiasi cha kumeza artemia siku ileile wanapoanza kuogelea, kwa hiyo hakuna sababu ya kuwapitisha kwenye hatua hiyo. Artemia aliyetoka kuanguliwa ana urefu wa karibu nusu milimita, na kipimo hicho kinawatosha barabara.

Kutotoa mayai yenyewe si kazi ngumu, lakini inataka utaratibu. Chupa ya soda ya lita 2 iliyokatwa kitako na kugeuzwa kichwa chini hufaa kabisa, mradi mpira wa pampu ya hewa ufike chini kwenye shingo ili mayai yasituame. Ninatia chumvi ya mawe ya kawaida, gramu 25 hadi 35 kwa lita moja ya maji, ambacho ni kama vijiko viwili vya chakula visivyojaa sana, na pale maji yanapokuwa na uchachu naongeza chembe ya bekingi soda, kwani mayai haya hupenda maji yenye pH ya 8 na kuendelea. Taa huwashwa karibu na chupa, hasa katika saa za mwanzo, kwa sababu mwanga ni sehemu ya kinachoyaamsha. Joto linalotakiwa ni nyuzi 26 hadi 28, na katika jambo hili sisi wa pwani tumependelewa: mfugaji wa Nairobi au Arusha atahitaji kuipashia moto chupa yake, la sivyo atasubiri saa 36 au zaidi, wakati huku mayai ya kopo hili yameanguliwa kabla saa 24 hazijatimia. Tatizo letu ni umeme. Ukikatika kwa muda mrefu pampu husimama, mayai hutuama chini na kukosa hewa, na chupa nzima huharibika. Kwa hiyo bei ya pampu ndogo ya betri ni lazima ihesabiwe pamoja na bei ya kopo.

Matokeo ya kopo hili yameniridhisha. Lebo inadai kwamba mayai 90 katika kila 100 huanguliwa, na kwa kadiri ninavyoweza kupima kwa kisahani cheupe na kioo cha kukuzia, dai hilo halina chumvi nyingi. Pampu ikizimwa kwa dakika kumi, maji hujigawa yenyewe: maganda matupu ya kahawia huelea juu, mayai yaliyokufa hushuka hadi kwenye kifuniko, na katikati hubaki wingu la rangi ya machungwa lililo hai. Ukisogeza tochi upande mmoja wa chupa, wingu lote huifuata, na hapo ni rahisi kulivuta kwa mpira mwembamba hadi kwenye kitambaa cha kuchujia, kulisuuza kwa maji yasiyo na chumvi na kulipeleka kwa vifaranga. Kifaranga wa malaika wa umri huo ni angavu kama hana kitu ndani yake, macho mawili na uti tu. Humkaribia artemia mmoja, hujipinda mkia, husita, kisha hujirusha mbele mara moja. Baada ya robo saa matumbo yote tangini yamekuwa mekundu-machungwa na kuvimba, na asiye na rangi hiyo tumboni utamjua kwa kumtazama tu, jambo ambalo hakuna chakula kingine kinachokupa. Kwangu mimi hili lina uzito sawa na lishe yenyewe, kwa sababu linamwezesha mfugaji kujua siku ya kwanza, badala ya siku ya nne, ikiwa mtago unakula au haukuli.

Lebo, hata hivyo, imenyamaza kuhusu jambo ambalo mnunuzi anahitaji sana kuliambiwa. Artemia anapotoka kwenye yai hana uwezo wa kula. Anaishi kwa akiba aliyozaliwa nayo, na akiba hiyo ndiyo lishe tunayoitaka. Baada ya saa chache hujivua ngozi na kuingia hatua ya pili, akiwa mkubwa zaidi, mwepesi zaidi wa kukimbia, na mwenye nguvu pungufu ndani yake. Chupa iliyosahauliwa hadi siku ya pili bado ina wingu zuri la kutazama, lakini vifaranga wanaolishwa wingu hilo hula sana na kukua kidogo. Dawa yake ni kuwa na chupa mbili zinazopishana kwa nusu siku, au kuvuna zote mapema na kuziweka artemia kwenye friji, ndani ya maji machache ya chumvi, ambako baridi huzipunguzia kasi ya kutumia akiba yake kwa siku moja hivi. Chupa ya kwanza ianzishwe siku moja kabla ya vifaranga kujiachia, maana chakula kinapaswa kuwa tayari kikiwasubiri. Kisha walishwe kidogo kidogo, mara tatu kwa siku au zaidi, kwa kuwa artemia hufa baada ya saa chache katika maji yasiyo na chumvi, na waliokufa ni lazima wafyonzwe kutoka sakafuni mwa tangi pamoja na sehemu ya maji kila siku.

Kasoro ya wazi zaidi ya bidhaa ni maganda. Hata ukitenganisha kwa uangalifu, machache hupenya, na kifaranga akiyameza hayasagiki tumboni. Ukiona vifaranga wenye matumbo yaliyojaa lakini wanaozidi kudhoofika, maganda yawe miongoni mwa vitu vya kwanza kushukiwa. Yapo mayai yaliyokwisha kuondolewa maganda kiwandani, na yapo maelekezo ya kuyaondoa nyumbani kwa dawa ya klorini ya kufulia, kazi ambayo siipendekezi kwa mtu mwenye watoto wadogo jikoni. Kuwapa artemia muda wa kutosha wa kujitenga na kutovuta hadi tone la mwisho kunatosha kwa matumizi ya kawaida.

Kifuniko cha plastiki kinachokuja na kopo ni duni, na kwa hali ya hewa ya pwani hilo si jambo dogo. Mayai haya hunyonya unyevu wa hewani. Yakishaupata kidogo huanza kuamka bila kuwa na maji ya kutosha ya kuendelea, hutumia akiba yao, na hufa humohumo koponi bila kubadilika rangi wala harufu. Siku kopo linapofunguliwa, mayai yote yahamishiwe kwenye mitungi midogo ya kioo yenye vifuniko vya kukaza, pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, kisha mtungi mmoja ubaki nje kwa matumizi na mingine iingie kwenye friza. Mtungi unaotoka kwenye friza uachwe umefungwa hadi upate joto la chumbani, na ukae hivyo siku chache kabla ya mayai yake kutumika.

Kwa sababu hiyohiyo, siwezi kuvisifu vifuko vidogo vya plastiki vya mayai ya artemia vinavyopimwa dukani kutoka kwenye kopo lililokwisha kufunguliwa. Nilichowahi kununua namna hiyo kilitotoa chini ya nusu, na muuzaji hakuwa na namna ya kusema kopo lilifunguliwa lini. Bei ya kifuko huonekana nafuu, lakini ukiigawa kwa artemia hai wanaopatikana, mara nyingi kopo zima ndilo rahisi.

Bei ya kopo zima, kusema kweli, humshtua anayeanza. Hesabu yake ikifanywa vizuri mshtuko hupungua. Vifaranga 300 wakila artemia 100 kila mmoja kwa mlo, milo mitatu kwa siku, watamaliza takriban 90,000, yaani karibu nusu gramu ya mayai mazuri. Matumizi huongezeka wanapokua, na kwa wiki nne za kwanza wastani wa gramu moja kwa siku unatosha. Mtago mmoja basi hula gramu 30 hivi, na kopo hulea mitago kumi na zaidi. Jozi ya malaika inayoondolewa mayai yake inaweza kutaga tena baada ya siku 10 hadi 14, kwa hiyo mwenye jozi mbili au tatu zenye bidii atalimaliza kopo kabla halijazeeka.

Kinachonikera katika bei hiyo ni safari. Mayai haya huvunwa Utah kuanzia mwezi Oktoba, yakiwa yameelea juu ya ziwa kwa matabaka, na ziwa lenyewe liko mashakani: mwaka 2022 lilishuka hadi kina cha chini kabisa kuwahi kurekodiwa, chumvi ikapanda hadi kiwango cha kuhatarisha artemia wenyewe. Wakati huo huo, artemia wa asili ya Marekani walipandikizwa katika mabwawa ya chumvi ya pwani ya Kenya, kaskazini mwa Malindi, tangu miaka ya 1980, na Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya imekuwa ikishughulika na ufugaji wao huko. Mayai ya pwani yetu wenyewe, yaliyokaushwa na kufungwa kwa kiwango cha kopo hili, ningeyanunua hata kama yangetotoa pungufu kidogo.

Kwa sasa namshauri mwenye jozi moja asilinunue kopo hili peke yake. Atafute wafugaji wenzake wawili au watatu, walifungue pamoja siku moja ya kiangazi hewa ikiwa kavu, kila mmoja aje na mitungi yake, nao wayagawe mayai kwa mizani mezani kabla ya kuondoka.