Depo ya vinywaji Mbuyuni, Moshi: hela ya chupa inavyorudi, na kama ipande

Kwa bei ya soda, depo hii ya jumla iliyo mtaa wa nyuma ya Soko la Mbuyuni haipishani sana na nyingine za Moshi mjini. Kinachoitofautisha ni machupa. Hapa hela ya chupa inarudi taslimu, siku hiyohiyo, na hakuna anayekulazimisha uchukue mzigo mwingine badala yake. Kwa mwenye harusi au kipaimara hilo lina uzito kuliko kupunguziwa mia tano kwenye kreti. Nyota tatu na nusu kati ya tano. Ingefika nne na nusu kama si mashimo mawili kwenye utaratibu wao, ambayo yanauma zaidi sasa kwa kuwa wametundika tangazo la kupandisha hela ya chupa kabla ya Desemba.

Hesabu yenyewe ni hii. Kreti ya soda ina chupa 24. Kila chupa unaacha shilingi 250, yaani 6,000, na kasha la plastiki 6,000 nyingine. Jumla ni 12,000 kwa kreti, nje ya bei ya soda. Sherehe ya kreti 20 inabeba chupa 480, na hela inayobaki depo ni 240,000. Mangi wa kibandani anayekuja na kreti tupu haachi kitu, anatoa tupu anapewa iliyojaa, analipia kinywaji peke yake. Kwa hiyo hela ya chupa inamgusa mangi siku anapoanza biashara au anapoongeza kreti, lakini mwenye sherehe inamgusa kila mara.

Shimo la kwanza ni makato. Chupa unaiachia 250, ila ikipotea au ikikataliwa wanakata 500. Ukipoteza chupa 30 katika 480, jambo la kawaida kabisa kwenye shughuli ya kijijini migombani, unakatwa 15,000 wakati ulidhani ni 7,500. Haijaandikwa kwenye risiti, unaambiwa dirishani siku ya kurudisha. Depo ikikata 500 maana yake inajua fika kwamba kuipata chupa nyingine kunaigharimu zaidi ya 250. Basi iseme tangu mwanzo.

Mapokezi ndiyo sehemu bora ya huduma yao. Kijana wa kupokea anaishusha kreti mezani, anapitisha kidole gumba kwenye mdomo wa kila chupa, mzunguko mmoja. Penye kipande kilichomeguka kidole kinasita, na chupa hiyo inatolewa pembeni. Si ukorofi. Mdomo ukimeguka kizibo hakikazi sawasawa, gesi inatoka, na kipande cha kioo kinaweza kuanguka ndani. Kisha anagonganisha chupa mbilimbili. Nzima inalia kama kengele, yenye ufa inatoa sauti nzito iliyokufa. Mwisho anainusa ile anayoishuku. Kiwandani chupa huoshwa kwa magadi makali ya moto, na uchafu wa soda, majani, hata vipisi vya sigara vinatoka, lakini harufu ya mafuta ya taa au tina ya rangi haina uhakika wa kutoka, ndiyo maana chupa iliyowahi kutiwa vitu hivyo haipokelewi hata iking'aa. Kreti 20 anazimaliza kwa muda usiozidi nusu saa, mbele ya macho yako, na iliyokataliwa unaonyeshwa kasoro yake.

Kinachomegua midomo hiyo ni namna ya kufungua. Watu wanafungua chupa kwa chupa, kwa ukingo wa meza, kwa pingili ya mshikio wa kreti. Dawa yake ni rahisi: funga kifungulio kwa kamba kwenye kila kreti inayotoka stoo. Kagua pia midomo kabla mzigo haujapakiwa, kwa sababu chupa mbovu uliyopewa ukiwa na haraka itarudi kwa jina lako. Piga kreti zako alama ya rangi, maana jirani mwenye msiba au ubarikio wiki hiyohiyo atakuwa na kreti nyekundu zilezile. Aina zisichanganywe: chupa ya Coca-Cola haijazwi Fanta kiwandani, na kreti iliyochanganyika inakuchelewesha dirishani hadi upange upya. Muhimu kuliko yote, teua mtu mmoja wa machupa, aanze kukusanya wakati chakula kinagawiwa. Mshereheshaji akishafunga shughuli, chupa zinaondoka na wageni wakiendelea kunywa njiani, na kuanzia hapo huzipati tena.

Shimo la pili ni siku. Risiti inadumu siku 14, baada ya hapo unarudishiwa nusu. Kwa mtu wa Pasua au Majengo, hapahapa mjini, zinatosha. Lakini Desemba, watu wanapopanda nyumbani Rombo, Marangu, Kibosho na Machame, shughuli zinafuatana kaya hadi kaya, kreti moja inahudumia sherehe tatu kabla ya kushuka, na gari la kuzirudisha linapatikana baada ya mwaka mpya. Hapo depo inalia kwamba haina tupu za kupeleka kiwandani, na isipopeleka tupu haipati iliyojaa. Bonite Bottlers wanajaza Coca-Cola hapahapa Moshi, umbali si tatizo. Tatizo ni kioo kilichokaa migombani.

Ndipo linapokuja tangazo: chupa ipande kutoka 250 hadi 500, kasha libaki 6,000. Kreti kamili itakuwa 18,000, na ile sherehe ya kreti 20 itaacha 360,000. Wapo wanaopinga kwamba ni kumkamua mwenye shughuli aliyekwisha kuishiwa na michango. Hoja yao si ya kupuuza, maana hela ikilala depo wiki mbili ni hela ambayo haijalipa turubai wala mpishi. Hata hivyo kupandisha ni sahihi. Hela ya chupa isiyolingana na chupa haimfanyi mtu ainame kuiokota. Jimbo la Oregon, Marekani, lilipitisha sheria ya senti 5 mwaka 1971, na thamani ya senti hizo ikaliwa na miaka huku kiwango kikibaki palepale. Sheria yao ikaweka kwamba marejesho yakishuka chini ya asilimia 80 miaka miwili mfululizo, kiwango kinapanda. Yalishuka, na tarehe 1 Aprili 2017 ikawa senti 10. Norway nayo ilipandisha mwaka 2018. Wajerumani kwenye chupa ya bia bado wako senti 8, kreti ya chupa 20 pamoja na kasha ni yuro 3.10, na wenye viwanda wanabishana kama ipande, kwa sababu chupa mpya inagharimu zaidi ya hapo.

Ugumu unaowakwamisha Wajerumani ndio utakaoikuta depo ya Mbuyuni: chupa zilizoko nje tayari. Aliyeacha 250 mwezi uliopita akirudi baada ya bei kupanda, analipwa ngapi? Oregon walikata shauri kwamba kila chupa, hata iliyonunuliwa kwa senti 5, inarudi kwa 10. Depo moja haina mfuko wa kubeba hilo, na ikitangaza mapema watu watazificha tupu kusubiri tarehe. Tangazo lao halisemi neno kuhusu hili. Njia inayowezekana ni kulipa kwa kufuata risiti: yenye tarehe ya kabla inarudishiwa 250, ya baada 500, isiyo na risiti 250. Hiyo inataka risiti zenye namba na nakala kitabuni, si vikaratasi wanavyotoa sasa.

Na muda wameukosea. Kupandisha kabla ya Desemba ni kuchagua kipindi ambacho kioo kingi kiko nje na foleni ni ndefu. Wangefanya ndani ya Kwaresima. Harusi hazifungwi, kreti karibu zote zimerudi depo, na tofauti ya kulipa kwa chupa za zamani inakuwa ndogo kabisa. Wakati huohuo waongeze siku za risiti ziwe 30 kwa mizigo ya Desemba, na makato yafuate hela ileile uliyoacha. Ukiacha 500, ikipotea ukatwe 500.

Chupa za maji za plastiki usizihesabu hapa, hazina hela ya kurudi. Waokotaji wanaziuza kwa kilo, ni biashara nyingine. Bia inapokelewa kwa kampuni yake, kreti ya huyu haikubaliwi kwa tupu za yule.

Tupu zinapokelewa Jumatatu hadi Jumamosi, dirisha linafungwa saa kumi jioni. Jumatatu asubuhi ndiyo mbaya kuliko zote, shughuli za wikiendi zote zinarudi pamoja. Jumanne baada ya saa nne hakuna foleni. Nenda na risiti halisi, si picha ya simu, na mwambie kijana aandike idadi ya zilizokataliwa nyuma yake kabla hajazisogeza pembeni.