Gari dogo la kumnunulia mzazi Dodoma: lipi liwe la kwanza, lipi uliache

Mtoto akitaka kumnunulia mzazi gari, swali la kwanza huwa ni moja: linakula mafuta kiasi gani? Swali ni la haki, ila kwa mzazi anayeishi Dodoma silo la kuanzia. Tupige hesabu. Chukulia petroli ni shilingi 3,000 kwa lita (EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa hiyo weka bei ya mwezi wako). Gari linalokwenda kilomita 15 kwa lita litakula kama shilingi 200,000 kwa kila kilomita 1,000. Linalokwenda kilomita 12 litakula 250,000. Tofauti ni elfu hamsini. Na mama aliyestaafu, ambaye safari zake ni ibada, soko la Majengo, kliniki hospitali ya Benjamin Mkapa na kurudi nyumbani mtaa wa Kisasa, hizo kilomita 1,000 anaweza kuzimaliza kwa miezi miwili. Elfu ishirini na tano kwa mwezi haitoshi kuwa sababu ya kumweka kwenye gari linalomuumiza magoti, au ambalo kila likigoma lazima spea ipigiwe simu Kariakoo na kusubiriwa kwenye basi.

Cha kuanza nacho ni mwili wa mzazi, kisha njia ya kufika kwake, kisha fundi aliye karibu naye. Mafuta yaje baada ya hapo.

Kuhusu mwili, hakuna ushauri wa mtu mwingine unaoweza kuchukua nafasi ya kumpeleka mwenyewe yadi. Najua raha ya kumshtukiza mzazi na funguo mkononi, lakini gari si kitu cha kumshtukizia. Mwache afungue mlango mwenyewe, aketi, afunge mkanda, kisha atoke bila kushikwa mkono. Wewe simama pembeni utazame. Mtu mwenye goti bovu hutoa kwanza miguu yote miwili nje, halafu hutafuta mahali pa kushika. Kiti kikiwa chini mno atajivuta kwa usukani. Kikiwa saizi yake, anakaa bila kujitupa, na akitoka nyayo zote zinakanyaga chini kabla hajainuka. Mwambie arudie mara tatu. Mara ya kwanza kila mzazi husema "zuri tu, mwanangu", kwa sababu hataki kukuvunja moyo. Mara ya tatu ndipo utamwona anaanza kupapasa mlango.

Mwambie pia arudishe gari nyuma. Shingo ya mtu wa miaka sabini haigeuki kama yako, na baadhi ya magari haya yana kioo cha nyuma chembamba na nguzo nene za pembeni. Kama anahangaika, kamera ya nyuma ni lazima.

Njia ya kufika nyumbani nayo inasema mengi. Barabara kuu za Dodoma ni lami safi, lakini wazazi wengi hawaishi kando ya lami. Ukienda Nzuguni, Mkonze, Nala au Iyumbu, mara nyingi mwisho wa safari ni vumbi, mchanga na vijikorongo vinavyochimbwa na mvua za kati ya Desemba na Aprili. Magari haya yote madogo yako chini. Kabla ya kununua, tembea kwa miguu kutoka lami hadi getini ukiangalia ni wapi bampa litagusa. Watu wengi huweka spesa juu ya shokabu ili gari linyanyuke. Inasaidia, lakini kila unavyolinyanyua ndivyo kiti kinavyopanda na bushi na joint zinavyochakaa mapema. Ukifanya, fanya kidogo.

Sasa mpangilio wangu.

Namba moja: Toyota IST ya mwanzo, iliyotengenezwa 2002 hadi 2007, yenye injini ya 1.3. Si kwa sababu ni zuri kuliko yote. Ni kwa sababu Dodoma nzima inalijua. Fundi wa Chang'ombe amelifungua, fundi wa Kibaigwa amelifungua, na spea zake unazikuta mpya na za mtumba. Injini yake, 2NZ-FE, inatumia cheni badala ya mkanda wa timing, kwa hiyo mzazi hana tarehe ya kukumbuka kubadilisha mkanda. Giaboksi ni otomatiki ya kawaida ya gia nne, na usukani ni wa umeme, mwepesi hata kwa mkono dhaifu. Matairi yake kwa kawaida ni ya inchi 15, ambayo kwenye mashimo yanavumilia kuliko ya inchi 14. Dashibodi yake ina spidi katikati badala ya mbele ya dereva. Wapo wazee wanaoipenda kwa kuwa iko mbali kidogo na macho, na wapo wanaoisumbukia, hivyo muulize baada ya kuendesha, siyo kabla.

Unapotafuta, soma namba ya chesesi. NCP60 ni 1.3, NCP61 ni 1.5, NCP65 ni 1.5 inayovuta matairi yote manne. Kwa mzazi chukua NCP60. NCP61 nayo ni nzuri kama anasafiri sana. NCP65 iache: ni nzito zaidi, ina difu ya nyuma na shafti za kutunza, na mzazi wa Area C hana kazi nayo. Ubaya wa IST ni bei. Kwa kuwa linapendwa, haliporomoki, na yadi nyingi zitakuuzia lililochoka kwa bei ya lililotunzwa. Ubaya mwingine ni umri: hata la mwisho kutengenezwa sasa ni gari la makamo, na kulikagua ni kazi ya kweli.

Namba mbili: Toyota Raum, ile new model ya 2003 hadi 2011. Na hapa naomba unielewe vizuri. Kama mzazi wako haendeshi mwenyewe, yaani anaendeshwa na kijana wa nyumbani au na ndugu, Raum inapanda kuwa namba moja bila ubishi. Upande wake wa kushoto, ambao kwetu ndio wa abiria na ndio unaokaa kando ya barabara, hauna nguzo katikati. Mlango wa mbele unafunguka wazi kabisa, wa nyuma unateleza, na pakiwa wazi pote unabaki na uwazi mmoja mpana. Mama mwenye fimbo anaingia kwa mgongo, anakaa, anageuka. Baba aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa nyonga anasaidiwa na watu wawili bila mtu kujigonga kichwa. Kiti cha magurudumu kikikunjwa kinaingia nyuma yake palepale. Toyota walilitengeneza gari hili wakiwafikiria watu wa kila umri, na ukilitumia na mgonjwa unaona.

Injini yake ni 1NZ-FE ya 1.5, ileile ya IST ya 1.5 na magari kibao ya Toyota, hivyo fundi si tatizo. Tatizo ni vitu vyake mwenyewe: reli na roli za mlango wa kuteleza, ambazo vumbi la Dodoma linazila. Kila wiki zifutwe. Ukienda kulinunua, fungua na funga mlango ule polepole. Ukikwaruza au ukihitaji kusukumwa na bega, jua kuna gharama inakusubiri. Usilichanganye na Raum old model ya 1997 hadi 2003. Ile ina injini ya mkanda na umri wake umekwenda sana.

Namba tatu: Toyota Vitz ya 2005 hadi 2010. Ni jepesi, dogo la kupaki, na watu wanalifahamu. KSP90 ina injini ya 1.0 yenye silinda tatu. SCP90 ina 1.3. Kwa mzazi anayeishia mjini, ya 1.0 inatosha kabisa. Kwa mwenye shamba la zabibu Hombolo au ndugu Mpwapwa, tafuta ya 1.3. Matairi yake ni madogo kuliko ya IST na utayahisi kwenye matuta.

Namba nne: Toyota Passo. Kwa bei na mafuta ndilo rahisi, na kwa kuwa injini ya 1.0 ina CC 996, likiingizwa nchini halitozwi ushuru wa bidhaa ule unaoendana na ukubwa wa injini, wakati lenye CC kati ya 1,000 na 2,000 hutozwa asilimia 5. Lakini usisahau kwamba gari lililozidi miaka kumi linaongezewa asilimia 30 kwa sababu ya uchakavu, juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18, kwa hiyo pitia kikokotoo cha TRA kabla hujashangilia bei ya Japani.

Passo nalipenda kwa mjini. Simpi mzazi kwa barabara kuu. Barabara ya Dodoma kwenda Morogoro na Dar ndiyo njia ya malori ya Rwanda, Burundi na Kongo. Kulipita lori refu karibu na Gairo, watu wanne ndani, AC imewashwa, gunia nyuma, na injini ya 1.0, kunataka uvumilivu na macho ya kijana. Mzazi akiwa na safari ya Dar, reli ya SGR inafika Dodoma tangu 2024. Apande treni, Passo libaki nyumbani.

Namba tano naziweka pamoja: Honda Fit, Nissan March, Mazda Demio. Magari mazuri. Fit hasa ina nafasi ya ajabu kwa sababu tenki liko chini ya viti vya mbele, na makalio ya kiti cha nyuma yananyanyuka juu ukapakia kitu kirefu. Lakini Fit nyingi zina giaboksi ya CVT, yaani otomatiki isiyo na gia za hatua hatua, inayotaka oili yake maalumu, na fundi akiweka oili yoyote aliyonayo dukani, giaboksi inakufa. Ukiwa Dodoma mjini na fundi unayemwamini, chukua. Mzazi akiwa Bahi au Kongwa peke yake, usimpe.

Toyota Porte itakuvutia kwa ule mlango wake mkubwa wa kuteleza. Sakafu yake iko chini sana, nzuri kwa lami ya Japani, mateso kwa Mkonze. Starlet nayo ina wapenzi wake, lakini ilikoma kutengenezwa 1999, na mzazi si mtu wa kurithishwa kazi ya gereji.

Ukishachagua aina, mlipe fundi wako mwenyewe, si wa dalali, akague. Mwambie alipime kwa mashine, aliangalie chini kama lina kutu au lilichomelewa, na alisikilize likiwashwa asubuhi likiwa baridi. Wewe mwenyewe soma matairi. Ubavuni kuna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Jua la hapa linakausha mpira hata gari likiwa limesimama tu. Tairi lililozidi miaka sita lihesabu kuwa la kubadilisha, hata kama kashata zake bado zimesimama. Magari mengi kutoka Japani huja na matairi ya theluji, yana mikato midogo midogo mingi kwenye kila kashata. Ni laini na kwenye joto letu yanaisha upesi.

Jambo ambalo watu wengi wanalipita: mifuko ya hewa. Vitz na Honda Fit za miaka ya 2000 ni miongoni mwa magari yaliyoitwa kurudishwa duniani kote kwa sababu ya mifuko ya kampuni ya Takata, ambayo joto na unyevu vinaweza kuifanya ipasuke vibaya na kurusha vipande vya chuma. Weka namba ya chesesi kwenye tovuti ya mtengenezaji uone kama gari limo kwenye orodha. Ni dakika chache, na aliyekaa nyuma ya huo usukani ni mama yako.

Ukinunua kwa mtu, herufi ya kwanza baada ya tarakimu kwenye namba itakuambia limesajiliwa lini nchini: namba C ni la zamani kuliko D, na D kuliko E. Namba mpya haimaanishi gari jipya, ina maana tu barabara zetu halijazila sana. Dai kadi halisi, si kopi. Angalia deni la faini za barabarani kwenye mfumo wa polisi kwa kutumia namba ya gari, na bima kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima. Andikeni mkataba mbele ya wakili, na ubadilishe umiliki TRA mapema, kabla muuzaji hajabadilisha namba ya simu.

Usimalize hela yote kwenye kununua. Bakiza ya matairi, betri, oili na filta ya hewa, ambayo kwa vumbi hili ibadilishwe mapema kuliko kitabu kinavyosema. Mkatie bima kubwa mwaka wa kwanza, hasa kama amekaa muda mrefu bila kuendesha. Na redio: ya Japani kwa kawaida inaishia 90 FM, hivyo stesheni zetu nyingi hazishiki. Badilisha redio nzima kabla hujamkabidhi, na mwambie fundi aondoe kile kifaa cha malipo ya barabara kinachoongea Kijapani kila gari linapowashwa, maana mzazi atadhani linamwambia lina ubovu.