Hachigata na mbwa: ngome isiyo na mnara ndiyo iliyotufaa

Ngome za Japani nimezizungukia kadhaa nikiwa na Kashata, mbwa wetu wa kilo sita, na kila mara mambo huwa yale yale: yeye na mume wangu wanabaki getini, mimi napanda mnara mbiombio ili nisiwaweke. Safari hii tulikwenda Hachigata, mji wa Yorii, mkoa wa Saitama. Huko hakuna mnara. Ni ngome ya udongo na mawe ya mtoni iliyoanzishwa 1476, na leo utakachokuta ni matuta, mahandaki, na sehemu chache zilizojengwa upya baada ya wataalamu kufukua. Kwa mwenye mbwa, hiyo ni neema tupu.

Tulipanda treni ya reli ya Hachiko kutoka Takasaki. (Jina hilo halimhusu yule mbwa maarufu wa Shibuya, Tokyo, limetokana na majina ya miji ya Hachioji na Takasaki. Nilisikitika kidogo.) Kashata alilipiwa yeni 290. Masharti ni kwamba mbwa awe ndani ya kibebeo mwili mzima, hata kichwa kisichungulie, na vyote viwili visizidi kilo 10. Nilipompigia mama Tanga kumwambia mbwa kalipiwa nauli, alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na kiti je, kapewa?"

Kutoka stesheni tulitembea kama dakika 25. Mkifika daraja la Shoki, simameni katikati. Mto Arakawa uko chini yenu, na jabali la ngome limesimama wima juu ya maji. Upande wa pili kijito cha Fukasawa nacho kimechimba bonde lake. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini majeshi ya Toyotomi Hideyoshi, mbabe aliyekuwa akiiunganisha Japani, chini ya majemadari kama Maeda Toshiie na Uesugi Kagekatsu, yaliizingira ngome kama mwezi mzima mwaka 1590 kabla bwana wake, Hojo Ujikuni, hajaisalimisha.

Ndani ni uwanja wa wazi, hulipi kitu, na mbwa anatembea akiwa na kamba. Sehemu nzuri kuliko zote ni ule ua wa tatu, walikojenga upya lango la mbao na ukuta wa mawe. Usitegemee mawe makubwa yaliyochongwa. Ni mawe ya mviringo ya mtoni, yamepangwa ngazi kwa ngazi kwenye tuta. Kashata aliingiza pua upenyo mmoja baada ya mwingine, bila kuruka hata mmoja, kama mwenye nyumba anayekusanya kodi. Mjusi alipochomoka akataka kupanda, ikabidi niivute kamba. Pale usilegeze mkono: mawe ni ya kuhifadhiwa, na ukingo wa jabali hauko mbali. Tulipofika kwenye mahandaki majani yalikuwa marefu, nikawa naona masikio mawili tu yakienda mbele yangu.

Nilimwambia mume wangu kwamba kihistoria Kashata yuko kwa adui. Inasimuliwa kuwa jemadari Ota Sukemasa, aliyepigana na ukoo huo wa Hojo, alifuga mbwa katika ngome zake mbili, Iwatsuki na Matsuyama, humu humu Saitama. Matsuyama ilipozingirwa, mbwa walifunguliwa wakiwa na barua shingoni wakakimbilia nyumbani kwao Iwatsuki. Kashata wetu hata gazeti haleti.

Kasoro zipo. Kule kwenye ukuta kivuli ni haba, na jua la Juni halina huruma, kwa hiyo bebeni maji na kibakuli chake. Makumbusho ya ngome mbwa haingii, tukaingia kwa zamu, na hilo silalamikii. Treni ya kurudi ilituacha kwa dakika mbili, tukakaa karibu saa nzima kwenye benchi. Kubwa zaidi ni kupe: jioni nilimtoa wawili, mmoja nyuma ya sikio na mwingine kwapani, na dawa ya kuzuia nilikuwa nimeisahau mwenyewe kabatini.

Naipa nyota nne. Tutarudi mwishoni mwa Machi, ule mcheri mkubwa wa pale ukiwa na maua, na kupe pengine bado wamelala.