TAHADHARI: Hita "mpya" za Porsche 911 ya zamani, kumbe ni kutu iliyopigwa rangi

Wakuu habari zenu. Naandika hii hasira bado hazijaisha ila nitajitahidi nieleze vizuri ili mwingine asije akaingia alikoingia mwenzenu. Kuna muuzaji wa spea mtandaoni anatangaza hita za Porsche 911 za zamani, zile za injini inayopozwa kwa hewa, anasema ni mpya kabisa, stenlesi, hazijawahi kufungwa kwenye gari. Si mpya na wala si stenlesi. Na hapa siongelei hela tu, kile kitu kilikuwa kinatuua taratibu.

Kwa wasioyajua haya magari, injini yake haina maji wala rejeta, kwa hiyo joto la ndani linatoka kwenye ekzosi yenyewe. Bomba za ekzosi zinapita ndani ya koti la bati, feni ya injini inasukuma hewa katikati ya bomba na koti, hewa inapata moto, inapita kwenye valvu, inakuja mpaka miguuni kwako na kwenye kioo cha mbele. Wenyewe wanaita hiti eksichenja, mimi naita hita basi. Sasa ona ilipo hatari: moshi wa injini na hewa unayovuta wewe vimetenganishwa na ukuta wa bomba peke yake, na huo ukuta umefichwa ndani ya koti, hata ulale chini ya gari huuoni.

Yangu ni 911 SC ya 1982, hita zake zilikuwa zimeoza nikaanza kutafuta nyingine. Nikampata huyu jamaa, picha nzuri, bati linang'aa, anajibu haraka, kila sentensi "kaka" "kaka". Akaniambia zinaingia kwenye 911 zote, na hapo ndipo nilipotakiwa nishtuke, maana kuanzia modeli za 1975 mpangilio wa ekzosi ulibadilika, ukitaka kufunga za zamani kwenye gari la baadaye lazima ubadilishe sailensa na mara nyingi hata bomba za oili. Muuzaji wa kweli wa hizi spea swali lake la kwanza ni gari lako la mwaka gani. Huyu hakuuliza. Halafu akataka nimlipe kwa ile njia ya kutumiana marafiki na ndugu, eti akwepe makato, nami nikakubali, kumbe ukilipa hivyo hakuna wa kukurudishia hela yako.

Kufungua zile za zamani kulinila siku mbili. Nati ni 12, mbili kwa kila silinda, zimeshikana na kutu, nyingine unazifikia kwa alan ki ndefu tu kupitia matundu ya kwenye hita. Nilipuliza mafuta ya kulainisha usiku kucha, nikapasha moto, nikawa nalegeza kidogo narudisha kidogo, na bado stadi moja, ile boliti inayoshika nati, ikakatikia kwenye hedi, kile kichwa cha silinda. Kuitoboa stadi iliyokatika kwenye hedi ya aluminiamu bila kuharibu uzi ni kazi ya fundi mwenye mkono mtulivu. Nawaambia haya ili mjue kwamba spea mbovu hapa haikugharimu bei yake tu, unarudia kazi yote na kila nati unaifungua kwa roho mkononi.

Nikafunga, gari likawaka, kukawa na harufu ndani. Nikamuuliza muuzaji akasema ni rangi inaungua, endesha itaisha. Na kweli spea mpya hutoa harufu siku za mwanzo, na haya magari yakidondosha oili kidogo juu ya hita lazima unuse, ndiyo maana nilimwamini. Wiki ya pili tukatoka safari ya saa mbili hivi na mama watoto, kulikuwa na baridi nimefungulia joto lote. Nikaona amenyamaza, namsemesha anajibu kama mtu anayetolewa usingizini, mimi mwenyewe kichwa kinagonga na kichefuchefu juu. Nikasimamisha gari tukafungua milango, tukakaa nje, baada ya muda kichwa kikaanza kutulia. Mikono ilikuwa inanitetemeka jamani.

Kaboni monoksidi, ile gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi wa injini, haina rangi wala harufu, na inajishika kwenye damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Nilinunua kigunduzi chake kile cha nyumbani, nikakiweka kwenye siti, gari linaunguruma uwanjani, nikafungulia joto, haikuchukua muda kikaanza kulia.

Nikazishusha zote. Nilipopiga brashi ya waya rangi ya fedha ikabanduka, chini yake kahawia tupu. Nikakata koti kwa grainda. Ndani bomba lina tundu linaloingiza kidole gumba, kingo zake nyembamba kama karatasi, na tundu lenyewe lilikuwa limezibwa kwa ile gundi ya ekzosi ambayo ilishapasuka na kudondoka vipande. Yaani mtu alikaa chini akaziba kwa mkono wake akijua joto likipanda itaachia, halafu akapiga rangi akaandika "mpya". Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Nilipomtumia picha akaniblock. Siku chache baadaye nikaona tangazo kwa jina jingine, picha zilezile, hita ina kovu lilelile la kuchomelea karibu na flanji, lile bapa la kufungia bomba.

Kama unanunua, dai picha ya ndani ya matundu yanayokaa kwenye hedi, tochi ikiwa imewashwa, na hita ipigwe picha pamoja na karatasi yenye jina lako na tarehe. Akisema ni stenlesi aina ya 304 mwambie aweke sumaku kwenye video, 304 sumaku haishiki au inashika kidogo mno, ila kuna stenlesi nyingine kama 409 inashika sumaku vizuri, kwa hiyo muulize aina kwanza. Zikifika usizifunge. Ziba matundu ya ekzosi yote ubakize moja, puliza moshi au hewa ya kompresa hapo, kisha weka mkono kwenye mdomo wa kutolea hewa ya joto. Kikitoka chochote pale, hiyo hita ni chuma chakavu.

Na kama umeshanunua kwa mtu wa namna hii ukafunga, usijipe moyo kwamba utafunga joto uendelee kuendesha. Valvu zikifunga zinatakiwa zimwage hewa nje chini ya gari, lakini nazo ni bati, zinaoza, hazizibi sawasawa. Egesha gari mpaka upime. Vipande vyangu nilivyokata bado ninavyo, anayetaka picha ya lile kovu alinganishe na tangazo aliloliona aniambie nimtumie leo leo.