TAHADHARI: Shotigani "ya Birmingham" yenye mihuri ya Ubelgiji

Ndugu zangu mnaoishi Uingereza na mnaopenda shotigani za kale, jihadharini. Kuna muuzaji kwenye kurasa za matangazo anayeuza bunduki za mitutu miwili, kaliba 12, akidai ni za Westley Richards, watengenezaji bunduki maarufu wa Birmingham, zilizokarabatiwa na fundi bingwa. Ndugu yetu mmoja mwenye kibali cha polisi amekwisha kuinunua moja. Aliniletea niitazame kabla hajaenda nayo kupiga visahani vya udongo vinavyorushwa hewani, na namshukuru Mungu hakuwa ameifyatua hata mara moja.

Jina lililochongwa ubavuni ni "W. Richards". Mtego uko hapo. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20, mji wa Liège, Ubelgiji, ulitoa shotigani za bei nafuu kwa wingi mno, zikaandikwa majina yanayokaribiana na ya Waingereza wenye sifa. Nyingi zilikwenda Marekani, na hilo la W. Richards ni kati ya yaliyotumika sana. Kwa hiyo jina la ubavuni si ushahidi wa chochote. Ondoa mbao ya mbele, shusha mitutu, igeuze, usome mihuri, yaani alama zinazopigwa bunduki ikishapimwa usalama, chini ya chemba, pale risasi inapokaa. Bunduki iliyopimwa Birmingham katika miaka ya 1890 ina fimbo mbili za kifalme zilizopishana chini ya taji; kuanzia 1904 utaona herufi BP na BV, nazo zimevikwa taji. Hii ya ndugu yetu ina ELG na nyota ndani ya umbo la yai, taji juu yake. Huo ni mhuri wa Liège, na taji hilo liliongezwa 1893.

Lakini kuwa ya Ubelgiji si kosa, zipo nzuri sana. Kilichonikasirisha ni huo ukarabati. Mitutu imepigwa msasa hadi kingo za nakshi zimelainika na mihuri mingine haisomeki, kisha ikapakwa weusi mpya unaong'aa. Herufi zilizofutika nusu juu ya chuma cheusi kama kimetoka dukani jana: ukiyaona hayo pamoja, simama hapo hapo. Nilipofuta kidogo pale panapofichwa na mbao, mistari ya Damascus ikajitokeza, yaani vipande vya chuma na feleji vilivyosokotwa. Muuzaji alikuwa amemwambia ni chuma cha kawaida, "inakubali risasi yoyote". Haina mhuri hata mmoja wa kupimwa kwa baruti ya kisasa, na chemba zake zina urefu wa milimita 65 ilhali risasi nyingi za madukani ni za 70. Mtu angeweza kupoteza mkono wa kushoto, au macho.

Kuna na jambo la lehemu. Mitutu miwili hushikanishwa kwa lehemu laini, na weusi wa haraka wa kuchemshwa kwenye chumvi kali huila lehemu hiyo. Fundi wa kweli hutumia njia ya kutu ya polepole. Ning'iniza mitutu kwa kidole, igonge taratibu: ikilia kama kengele, sawa, ikitoa sauti ya kupasuka, pana pengo ndani. Unene wa kuta nao upimwe na fundi. Ukishuka chini ya nusu milimita hivi, achana nayo. Na namba ya mitutu, ya mwili na ya mbao ya mbele zifanane.

Muuzaji huyu huomba amana kwanza, halafu hutaka kukutumia bunduki nyumbani kwa mtoa vifurushi. Sheria ya hapa inataka shotigani ikabidhiwe ana kwa ana, na muuzaji akague kibali chako. Tena kuuza bunduki ambayo mitutu yake imepoteza uhalali wa vipimo ni kosa la jinai.

Ndugu yetu anaipeleka kwenye ofisi ya upimaji ya Birmingham ipate maelezo ya maandishi, kisha polisi. Kama nawe umeuziwa namna hiyo, usiifyatue. Hifadhi picha za tangazo na ujumbe wote mlioandikiana, na uongeze ripoti yako kwa polisi wa eneo lako.